Njia Kuu ya Miguu Ilipofika Mto Lukwale

Nchi ya Utulivu haimo katika ramani yoyote inayouzwa madukani, na msomaji akihisi amewahi kuipita, huenda ni jua tu limempiga. Ilikuwa nchi ya amani. Watu wake, Watulivu, waliamka mapema wakatembea kwenda mashambani, wakatembea kwenda visimani, na walipougua wakatembea kwenda hospitali. Waliozidiwa walibebwa na wenzao, nao wenzao walitembea. Hakuna aliyeuona huo kuwa ni utajiri, mpaka Rais wao alipokwenda kutibiwa ng'ambo.

Rais alikuwa amelazwa kwa ajili ya goti. Kila asubuhi, kutoka dirishani, aliwaona watu wazima wenye afya zao na magari yao wakipita na vifimbo mkononi na mabegi mgongoni. Walipanda mlima, kisha wakashuka, wala hawakuwa wamefuata kitu huko juu. Akamuuliza muuguzi hao wamefanya kosa gani. Muuguzi akamwambia hawana kosa, wanalipia. Siku ile Rais hakula chakula cha mchana. Taifa lake zima lilikuwa likifanya bure, tena kila siku, jambo ambalo wenzao wanalitolea fedha.

Aliporudi, goti likiwa limepona, aliunda Wizara ya Matembezi. Idara ya Barabara na Madaraja ya Vijijini ikawekwa chini ya wizara hiyo kwa maelezo kwamba yote ni mambo ya kupita.

Ndivyo ilivyozaliwa Njia Kuu ya Miguu. Ilianzia nyuma ya uwanja wa mpira wa mji mkuu ikaenda hadi kilima cha Pakacha, ikifuata kijia ambacho wanawake wa vitongoji walikitumia kwenda sokoni tangu enzi za bibi zao. Serikali ilikizungushia uzio, ikaweka geti na mlinzi, na wanawake wakaombwa kwa heshima wapite majanini, kwa sababu mtu mwenye tenga la ndizi kichwani angemharibia mtalii picha. Maofisa wa wizara walipelekwa nje ya nchi kwa mafunzo ya kutembea. Walirudi na malengelenge na vyeti.

Watalii hawakuja. Mwaka mzima alikuja mgeni mmoja tu, naye alikuwa anaulizia uwanja wa ndege. Wizara ikaunda kamati ya uchunguzi. Kamati ilikaa katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatafakari, na mwisho ikabaini kwamba njia ilikuwa na kasoro moja tu: ni fupi mno. Ikapendekeza irefushwe.

*

Msemaji wa Wizara ya Matembezi alikuwa Kondo Mapalala, mtu mwembamba aliyekaribia kustaafu, mwenye koti moja zuri. Kazi yake ilikuwa kuyatafutia mambo majina. Mgao wa umeme ulipozidi, ni yeye aliyeuita mapumziko ya taa. Dawa zilipokwisha hospitalini, ni yeye aliyetangaza kwamba taifa limeingia katika kipindi cha uponyaji wa asili. Alikuwa na kipaji, na mawaziri walirithishana yeye kama walivyorithishana magari. Lakini miaka ya karibuni alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaisha. Ulikuwa uchovu wa mtu anayesikia maneno yake yakisomwa redioni, akanyoosha mkono azime, kisha akakumbuka kwamba redio ni ya jirani.

Bungeni mbunge mmoja, mgeni bado katika kazi ile, aliuliza kurefusha njia kutagharimu kiasi gani. Kondo ndiye aliyeandika jibu, na Waziri akalisoma kwa sauti nzito: "Mheshimiwa Spika, thamani ya njia hii haiwezi kupimwa kwa fedha." Bunge likapiga meza kwa dakika nyingi. Na kwa kuwa haiwezi kupimwa, haikupimwa.

Wiki ile ile Waziri akamwita ofisini. Waziri huyo, Profesa Habakuki Lwambano, alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na hakuna aliyejua uprofesa wake ulihusu nini.

"Ndugu Mapalala," alisema, "Mlalawima si ndiko kwenu?"

"Ndiko nilikozaliwa, Mheshimiwa. Dada yangu yuko huko mpaka leo."

"Vizuri sana. Njia inapita kwenu. Kutoka Pakacha inateremka hadi Mlalawima, inafika mto Lukwale, na siku za usoni itaendelea mpaka ziwani. Nataka uende ukawaelimishe wananchi. Wewe ni mtoto wao, watakusikiliza."

Kondo akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu, "Na daraja, Mheshimiwa?"

"Daraja lipi?"

"La Lukwale. Lilichukuliwa na mafuriko mwaka juzi. Zahanati iko ng'ambo ya mto. Fedha za daraja jipya zilikuwa zimeshapitishwa."

"Fedha zipo," Waziri alisema kwa upole. "Hazijapotea. Ni zile zile, ila sasa zinatembea."

Kondo aliinamisha kichwa. Hata yeye, na umahiri wake wote, aliona kwamba sentensi ile ilikuwa imekamilika, haikuhitaji kuguswa.

*

Gari la wizara lilimfikisha mahali barabara ilipochokea, sehemu iliyobaki akatembea. Alifika Mlalawima koti likiwa mkononi na viatu vimejaa vumbi. Dada yake, Sikudhani, alikuwa uani akipeta mchele. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Kondo. Umekuja na wizara au umekuja peke yako?"

"Nimetumwa."

"Basi kaa kwanza, unywe maji. Hayo ya kutumwa yatasubiri."

Nyumbani kwa Sikudhani walikaa pia mwanawe, Shomvi, na mke wa Shomvi, Asumini, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Asumini alitoka ndani kumwamkia mjomba wa mumewe, mkono mmoja ukishika kiuno. Kondo aliitikia akatazama pembeni, maana hotuba ilikuwa mfukoni mwake, na ndani ya hotuba hapakuwa na neno hata moja kuhusu wanawake wa namna ile.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la ushirika, ambalo halikuwa na pamba tangu ushirika ulipoboreshwa. Watu walikaa chini. Mwenyekiti wa kijiji, Chambuso, mzee mpole mwenye kikohozi, alimkaribisha mgeni kuwa ni mtoto wa nyumbani aliyefika mbali. Kondo akasimama akasoma. Alieleza kwamba Mlalawima imeteuliwa kuwa lango la mandhari. Alieleza juu ya mabenchi ya kupumzikia, vibao vya kuelekeza, na kituo cha kuuzia kofia. Alisema wananchi wote watanufaika kwa kuonekana.

"Kuonekana na nani?" aliuliza bibi mmoja.

"Na watalii, bibi."

"Wakishatuona, inakuwaje?"

Kondo alitafuta kwenye karatasi. "Wanafurahi," alisema.

Shomvi akanyoosha mkono. Alikuwa kijana wa mabega mapana, mchimba visima, na alimheshimu mjomba wake, kwa hiyo aliuliza taratibu. "Mjomba, hiyo njia ikifika mtoni, mtalii atapitaje? Sisi wenyewe tunavuka kwa kamba. Mwezi uliopita mto ulituchukulia mtu."

"Mpango unasema hapo mtalii atapata nafasi ya tafakuri."

"Halafu?"

"Halafu atarudi alikotoka."

Hakuna aliyecheka. Kondo angefurahi kama wangecheka. Walimtazama tu, kama watu wa nyumbani wanavyomtazama mgonjwa aliyeanza kuweweseka, na Mwenyekiti Chambuso akafunga mkutano kwa kuishukuru serikali, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kufunga mkutano.

*

Jioni, Sikudhani alimpakulia kaka yake ugali na mlenda. Alimwacha ale hadi mwisho, ndipo akasema.

"Mke wa Shomvi atajifungua mvua zitakapokuwa zimeanza. Mto utakuwa umejaa."

"Najua, dada."

"Unajua, na umesimama pale ukasema tafakuri."

Kondo alinawa mikono polepole, akaikausha kidole kimoja kimoja. "Miaka yote hii nasema vitu vya namna hiyo," alisema. "Sijui tena kusema vingine."

"Basi sema hivyo hivyo, ila useme kwa faida yetu. Serikali hainisikii mimi nikitaka daraja, wala haimsikii Asumini. Lakini inamsikia mtalii, na huyo mtalii hata hajazaliwa. Waambie mtalii ndiye anayetaka daraja. Waambie analilia."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Kondo alijisikia kama mtu aliyeulizwa kitu anachokiweza.

Aliporudi mjini hakwenda hata kubadilisha nguo. Alimweleza Waziri kwamba amezungumza na wadau. Akasema utafiti wake umeonesha kuwa mtalii wa kisasa hataki kulowa. Akasema mtalii huyo, akifika kwenye maji na asione daraja, huumia moyoni, na akirudi kwao huwasimulia wengine. Akasema nchi jirani, ambayo Watulivu hawakuipenda, ilikuwa inajenga madaraja ya watalii mawili.

Waziri alisimama kutoka kitini. "Mawili?"

"Ndivyo ninavyosikia, Mheshimiwa."

Daraja liliidhinishwa kabla ya wiki kwisha. Halikuwa lile daraja la zege la kawaida lililopitishwa zamani kwa ajili ya wanakijiji, ambalo fedha zake zilikuwa bado zinatembea. Hili lilikuwa jingine, la mbao ngumu na nguzo za chuma, lenye taa za urembo, na gharama yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba anayeitamka alilazimika kuvuta pumzi katikati. Ujumbe wa watu wengi ulikwenda ng'ambo kutazama madaraja. Ili kulipa, serikali ikaongeza kodi ya ndala, kwa hoja kwamba matembezi yachangie matembezi. Kondo ndiye aliyeitafutia kodi hiyo jina. Aliiita Mchango wa Nyayo. Hakujisikia vibaya kama ilivyo kawaida, kwa kuwa mara hii alijua mwisho wake ni nini, na mwisho huo ulikuwa na mimba ya miezi sita.

*

Mafundi walifika Mlalawima na mitambo. Shomvi na vijana wengine waliajiriwa kubeba mbao. Kwa muda kijiji kilikuwa na furaha ya kweli. Sikudhani alimpigia simu kaka yake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akamwambia tu, "Tunaziona nguzo," kisha akakata.

Baadaye akapiga tena.

"Kondo, mafundi wamefunga vifaa vyao. Wanaondoka."

"Wamemaliza?"

"Wamefika katikati ya mto."

Kondo alikwenda kwa Waziri mbiombio, akamkuta anachagua kitambaa cha suti ya uzinduzi. Waziri alimsikiliza bila kushtuka.

"Ni kweli," alisema. "Mpaka wa mkoa uko katikati ya mto. Awamu hii inaishia kwenye mpaka. Ule upande wa pili ni wa Awamu ya Tatu."

"Awamu ya Tatu ni lini, Mheshimiwa?"

"Baada ya tathmini ya Awamu ya Pili."

"Lakini Mheshimiwa, daraja likiishia katikati si daraja."

"Ndiyo maana nilitaka kukuita," Waziri alisema. "Rais anakuja kulizindua. Hatuwezi kumwambia anazindua nusu. Litafutie jina."

Mhudumu alikuwa ameleta chai. Kondo alikaa akaitazama ile chai. Angeweza kukataa, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Huenda ni kwa sababu jina lilikuwa limeshakuja lenyewe, bila kuitwa, kama mbwa aliyezoea kulishwa saa ile.

"Kitazamio cha Taifa," alisema. "Mtu haendi pale ili avuke. Anakwenda kutazama."

Waziri alimshika bega. "Wewe," alisema, "ukistaafu tutapata taabu."

Kondo aliacha chai ikapoa, akaondoka.

*

Siku ya uzinduzi mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu juzi yake, na Lukwale ilikuwa imejaa, nyekundu, inavuma. Kitazamio cha Taifa kilipendeza. Taa za urembo ziliwashwa mchana. Bendi ya polisi ilipiga. Wanakijiji walizuiwa nyuma ya kamba, mbali na ukingo, ili wasionekane kwa wingi usiotakiwa. Kondo alisimama kwenye mbao karibu na Waziri, na karatasi za hotuba mkononi.

Rais alikata utepe, akatembea taratibu kwa heshima ya goti lake mpaka mbao zilipokwisha. Akasimama. Akatazama maji yanayopita chini, akatazama ukingo wa pili, ambako jengo dogo la zahanati lilionekana juu ya kilima.

"Na hapa?" aliuliza.

"Hapa ndipo mandhari inapoanza, Mheshimiwa Rais," Waziri alisema.

Rais aliitikia kwa kichwa, akaanza kutazama mandhari, nao wote wakatazama. Ilikuwa wakati huo Kondo alipoona watu wakiteremka ukingoni, upande wa chini wa mto, kwenye kivuko cha zamani. Walikuwa wanaume wanne, kitanda cha kamba mabegani, na juu ya kitanda mtu amefunikwa kanga. Mbele yao alitangulia mwanamke mrefu aliyeshikilia kamba ya kuvukia, maji yakiwa yamemfika kiunoni. Kondo alimjua dada yake kwa kimo chake. Alimjua Shomvi kwa mabega. Hakuhitaji kuambiwa aliye kitandani ni nani.

"Oo," Rais alisema, akipendezwa. "Hii ni ngoma gani?"

Waziri hakusita. "Ni ya asili ya huku, Mheshimiwa Rais. Wanaicheza wakati wa furaha."

Rais alipiga makofi. Wakubwa wote wakapiga makofi. Mkuu wa bendi, mtu makini, alitazama hatua za wabebaji akajitahidi kuzifuata kwa ngoma kubwa, lakini mto uliwasukuma hovyo na mapigo yakamshinda. Asumini alipiga kelele kitandani. Waziri alimnong'oneza Rais kwamba hiyo ndiyo sehemu ya uimbaji.

Walipofika kwenye mkondo, mtu wa nyuma upande wa kushoto aliteleza. Kichwa chake kilizama, kikaibuka mbali, akajishika kwenye kamba. Pembe yake ya kitanda ilishuka, na kanga ya Asumini ikaingia majini. Shomvi aliita jina la mama yake mara moja tu. Pale juu makofi yaliongezeka.

Kondo alikuwa na karatasi mkononi. Aliziweka juu ya reli ya daraja kwa uangalifu, kama mtu atakayezirudia, akavua lile koti lake moja zuri, akapita kati ya wakubwa akiwaomba radhi. Aliteremka ukingoni akikimbia. Maji yalimpiga kifuani, baridi kuliko alivyoyakumbuka utotoni. Alishika kamba, akajivuta mpaka kwenye kitanda, akaweka bega chini ya pembe iliyoshuka, akanyanyua.

"Mjomba," Shomvi alisema, akihema.

"Twende," Kondo alisema.

Bega la Kondo lililozoea koti liliuma mpaka likafa ganzi. Alimsikia Asumini juu ya kichwa chake akilia kwa meno yaliyoumana, na nyuma yao, kwa mbali, sauti ya Waziri kwenye kipaza sauti ikieleza kwamba hata maofisa wa wizara hushiriki utamaduni bega kwa bega na wananchi.

Mtoto alizaliwa kwenye baraza ya zahanati, kwa sababu hawakuwahi kufika ndani. Alikuwa wa kike. Muuguzi alitoka baadaye akamkuta Kondo ameketi chini, shati limegandamana na mwili, viatu havipo.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

Kondo alifikiri. Alikuwa na vyeo kadhaa, na vyote vilikuwa virefu.

"Mjomba wa baba yake," alisema.

"Mama na mtoto ni wazima. Lakini yule mama angechelewa kidogo tu…" muuguzi alisema, akarudi ndani.

*

Kesho yake asubuhi maji yalikuwa yamepungua, wakawa wamerudi upande wa Mlalawima. Asumini alilala chumbani na mwanawe. Mtu fulani mwenye huruma alikuwa ameliokota koti la Kondo akalileta, na ndani ya mfuko wa koti simu ililia. Alikuwa Waziri, na sauti yake ilijaa furaha.

"Ndugu Mapalala, Rais amelala anakuzungumzia. Amesema hajawahi kuona burudani yenye ukweli kama ile. Nakupandisha cheo. Utakuwa Mkurugenzi wa Ngoma za Majini."

"Mheshimiwa, ile haikuwa ngoma. Alikuwa mke wa mpwa wangu, anakwenda kujifungua."

"Ndiyo uzuri wake. Haikuigizwa. Sasa sikiliza. Wiki ijayo tunawaleta mabalozi, wote, na watu wa televisheni. Tunaomba mcheze tena, ila alasiri, jua likiwa limeinama, na wabebaji wavae sare."

Kondo alitazama ule uwanja wa nyumba, kuku wanaochakura, kanga ya Asumini iliyoanikwa kwenye kamba.

"Mheshimiwa," alisema, "nina ombi moja. Malizieni daraja."

Waziri akasema, kwa huruma ya kweli, kama anayemweleza mtoto, "Lakini Ndugu Mapalala, tukimalizia daraja, nani atabeba kitanda?"

Kondo, aliyetafutia mambo majina maisha yake yote, hakupata jina la jambo lile. "Nimechoka, Mheshimiwa," alisema mwishowe.

"Chukua likizo. Ila uwe umerudi kabla ya mabalozi."

Simu ikakatika. Kondo akaenda kukaa kwenye mkeka jikoni, ambako Sikudhani alikuwa anakoroga uji wa mzazi. Bega la Kondo lilikuwa limevimba, hakuweza kunyanyua mkono.

"Wanasemaje?" Sikudhani aliuliza bila kugeuka.

Akamweleza yote. Mabalozi, televisheni, sare, jua la alasiri. Sikudhani alikoroga uji akisikiliza. Alionja, akaongeza sukari, akaonja tena.

"Mke wa Chambuso mdogo, yule mtoto wa Mwenyekiti, naye amekaribia kujifungua," alisema. "Wiki ijayo hiyo hiyo, nadhani. Na wanaume wetu mabega yameisha. Shomvi hawezi hata kuvaa shati."

"Sitakwenda kuwaambia wabebaji waje, dada. Kazi yenyewe siitaki tena."

"Ya kazi utajua mwenyewe." Alimimina uji kwenye bakuli, akaufunika kwa sahani, akasimama. "Hao mabalozi ni watu wazima? Wana nguvu?"

"Wengine wana nguvu. Kwa nini?"

"Basi waache waje," Sikudhani alisema. "Kitanda kina pembe nne."

Akampelekea mkwewe uji.